Shingo ya Biskuti

Bunkeya, 9 Mei 1970

Lambert mume wangu,

Tulifika salama, kama kushuka na mifupa iliyochanganyika ni usalama. Lori lilikufa mara mbili njiani, na kwenye kizuizi askari walitaka kadi ya chama ya kila mtu, hata ya bibi mmoja aliyekuwa na kuku mapajani. Baba hakunisubiri. Alifariki Jumatano asubuhi, mimi nikaingia jioni, wameshamwosha na kumvika. Nimelia mpaka sauti imekwisha.

Yaya Édouard, kaka yangu mkubwa, ndiye sasa msemaji wa nyumba hii, na kwa kusema hajambo. Matanga hayataondolewa kabla ya mwisho wa Juni. Mpaka siku hiyo binti wa marehemu halali kwingine. Itabidi ujipikie.

Sasa nipe habari za mbwa wangu. Lori lilipoondoka nilimsikia Biskuti akilia kule barazani, mara moja, halafu kimya. Nilimfunga kwenye nguzo ili asitufuate barabarani, unamjua, miguu mifupi lakini roho ya farasi. Umemfungua? Anakula? Usimpe mifupa ya kuku. Huku wananicheka kwamba miaka sita ya ndoa imenipa mtoto mwenye mkia. Waache wacheke. Wewe mtunze tu.

Wako,
Alphonsine

*

Likasi, Kikula, 11 Mei 1970

Papa Hilaire,

Hunijui. Jina langu ni Lambert Tshiamala, fundi mitambo katika kiwanda cha kampuni hapa Likasi. Padre wetu ameniambia kwamba ulikuwa msaidizi wa mganga wa mifugo huko Kambove, na kwamba Wazungu walipoondoka ulibaki peke yako na ng'ombe wote. Mimi sina ng'ombe. Nina mbwa mdogo, tena si wangu, ni wa mke wangu. Alipewa na bibi mmoja Mbelgiji ambaye mke wangu alikuwa akimshonea nguo, bibi huyo alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao. Mwili mrefu, miguu mifupi, rangi ya biskuti.

Jumatano asubuhi mke wangu alipanda lori kwenda kwa baba yake mgonjwa. Alikuwa amemfunga mbwa shingoni kwa kamba ndefu kwenye nguzo ya baraza. Lori liliponguruma, mbwa aliruka kutoka barazani kwa nguvu zake zote, na kamba ikafika mwisho wake yeye angali hewani. Nilikuwa nimesimama palepale nikipunga mkono. Alilia mara moja akaanguka ubavu.

Mimi niko katika kikosi cha uokoaji kazini. Tunafundishwa kwamba aliyeumia shingo hainuliwi kama mfuko wa unga. Basi nilimsogeza taratibu kwenye ubao wa pasi nikamwingiza ndani. Tangu siku hiyo ameinamisha kichwa, hageuki, anatetemeka. Chakula anakitaka lakini hawezi kuinamia bakuli. Ukimgusa nyuma ya masikio analia kama mtu. Mguu wa mbele wa kulia anauburuta.

Jirani yangu Mama Gertrude amechemsha maji ya chumvi. Anataka kumkanda na kumvuta shingo irudi mahali pake, kwani alimvuta mumewe hivyo akapona. Nimemwambia asubiri barua yako, lakini si mtu wa kusubiri.

Jambo moja zaidi. Baba mkwe amefariki. Mke wangu yuko matangani na hajui lolote. Fundo la kamba ile ni la mkono wake. Nikimwambia leo atakuwa na vilio viwili, na cha pili atajilaumu nacho mpaka uzee. Nakuomba, jambo hili libaki kati yetu.

Lambert Tshiamala

*

Kambove, 13 Mei 1970

Bwana Tshiamala,

Mwambie huyo Mama Gertrude maji yake ya chumvi akaogee. Akiivuta shingo hiyo atamaliza kazi ambayo kamba iliianza.

Mbwa wa umbo hilo wana mifupa ya shingo yenye mito laini katikati. Mto ukichomoza unabana mishipa, ndipo mguu unapoburutwa. Labda ndivyo ilivyo. Labda ni nyama tu imekatika. Kutoka Kambove siwezi kuona ndani ya shingo, na hata ningekuwa hapo nisingeona. Mashine ya kupiga picha mifupa ni ya watu, na watu wenyewe wanaipangia foleni.

Mbane kidole cha mguu. Akivuta mguu na kukutazama kwa hasira, mshukuru Mungu. Anasimama hata kwa kuyumba? Anakojoa? Basi bado tuna nafasi. Siku asipokojoa, au miguu ya nyuma ikilegea, usiniandikie, mlete amelala kwenye ubao wako wa pasi.

Toa kamba na ukanda. Shingo hiyo haitavishwa kitu tena mpaka afe kwa uzee. Mtafutie sanduku ambamo atalala lakini hawezi kuzunguka, mwekee nguo zilizokunjwa kila upande wa kichwa, na akae humo wiki sita. Ndiyo, sita. Umtoe kwa kukojoa tu, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako. Bakuli uliinue juu ya matofali. Asiruke, asipande ngazi, asimkimbilie mtu. Na vidonge vyenu vya kichwa vya kiwandani usimpe, vitamtoboa tumbo.

Kuhusu mke wako, mimi natibu wanyama, kuficha ugonjwa sikufundishwa. Sitasema nisipoulizwa. Zaidi ya hapo usinidai.

Hilaire Mwansa

*

Likasi, 17 Mei 1970

Mpenzi wangu Alphonsine,

Pole, pole sana, na nakulilia toka huku. Baba yako alinipokea vizuri kuliko wengi wa nyumba ile, nami sitamsahau. Nimemwombea misa.

Hapa mambo mengi. Upepo umeng'oa mabati ya choo. Nilipanda juu Jumapili nikakuta misumari yote imeoza, nikaomba mingine kwa Fidèle wa karakana, akanipa mirefu mno, ikabidi niikunje kwa nyundo. Sasa bati moja linapiga kelele likipulizwa lakini haliondoki. Nimelipaka na lami. Mvua zimekwisha, kwa hiyo hata likivuja halivuji kitu. Nitaliweka sawa kabla ya Oktoba.

Maandalizi ya tarehe 30 Juni yameanza. Uhuru unatimiza miaka kumi, basi kiwanda kizima kitaandamana, na kila alasiri kikundi cha ngoma kinapita barabara yetu kikifanya mazoezi. Mtu wa chama anaenda nyumba kwa nyumba na daftari. Asiyekuja ataandikwa, na hakuna anayetaka kwenda kukaa gereza la Buluo kwa sababu ya gwaride.

Biskuti yupo.

Lambert wako

*

Bunkeya, 26 Mei 1970

Lambert,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Bati la choo limepata mistari saba. Biskuti amepata maneno mawili. Yupo wapi? Yupo namna gani? Dereva aliyeleta barua nilimwuliza kama alisikia mbwa akibweka pale nyumbani. Akasema nyumba ilikuwa kimya kama kanisa Jumatatu.

Alisema hivyo mbele ya watu, ndilo kosa langu la kumwuliza hapo. Yaya Édouard alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye, uliacha mbwa kwa muntu ya Kasai? Ile nyama ilisha kuliwa zamani, na mifupa bilisha kutupwa!" Walicheka wote, na unajua watani wakianza hawamalizi. Ila kicheko kilipoisha, maneno yalibaki. Sasa Édouard anayasema bila kucheka. Anasema mwanamume asiyenipa mtoto, na ambaye hawezi kutunza hata kimbwa, nimrudie kwa nini? Anasema matanga yakiondolewa nikae hapa, ukoo utamaliza maneno na watu wako.

Mimi sijasema naamini. Nasema fanya jambo moja. Floribert wa Kikula ana kamera. Piga picha ya Biskuti uniletee. Picha moja itawafunga midomo wote.

Alphonsine

*

Likasi, 30 Mei 1970

Papa Hilaire,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Kichwa sasa kinageuka kushoto, kulia bado. Mguu hauburutwi tena, unachechemea. Anakojoa vizuri, juzi hata kwenye kiatu changu, nikafurahi kama mjinga. Nimemlaza kwenye sanduku la baruti, refu na jembamba, kama ulivyosema.

Lakini ngoma zinaniua. Kila saa tisa alasiri zinapita dirishani, na kila zikipita anataka kuinuka. Zamu yangu ikiwa ya mchana namwita Mama Gertrude aje kumshika kifua. Hajambo kwa kushika, ila mikono yake inatafuta shingo, nami huko kazini nafunga boliti huku nawaza vidole vyake. Juzi msimamizi aliniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikasema yupo. Akauliza ni nani. Nikainama kufunga boliti nyingine.

Na huko kwa wakwe wanasema nimemla. Baba yangu aliletwa hapa na kampuni kutoka Kasai mwaka 1927, mimi nimezaliwa hapahapa mjini, mtaa wa Panda, nimebatizwa hapa, na bado nikikosea kitu kimoja wananirudisha Kasai kwa mdomo. Sijaonja mbwa maishani. Na hata wale wanaokula, hakuna anayekula aliye wa nyumbani mwake, anayelala miguuni pake. Nimekasirika, Papa. Nimekasirika na siwezi kujitetea, maana nikijitetea itabidi nieleze kamba.

Mke wangu anataka picha. Kesho Floribert atakuja hapa nyumbani. Taa ya kamera haitamdhuru?

Lambert

*

Likasi, 3 Juni 1970

Alphonsine,

Picha hii hapa, kama ulivyotaka. Huyo ndiye Biskuti wako, Jumapili hii. Waonyeshe. Dereva anapiga honi, nitaandika zaidi.

Lambert

*

Bunkeya, 10 Juni 1970

Lambert,

Picha imefika. Édouard ndiye aliyefungua bahasha, akaitazama, akanipa kwa mikono miwili.

Sanduku refu. Shuka jeupe. Nguo zilizokunjwa huku na huku ili shingo isilale upande. Macho yamefungwa. Na maua, Lambert, maua kichwani! Hivyohivyo ndivyo tulivyompiga picha Baba mwezi uliopita, ili ndugu wa Kolwezi ambao hawakuwahi mazishi wamwone. Wanawake wa hapa walipoiona picha walishika vinywa. Shangazi mmoja akasema angalau umemzika kama mtu.

Nililia mbele ya wote. Wakaniuliza namlilia baba au mbwa. Nikasema sijui, na ni kweli sikujua.

Édouard amebadilisha wimbo. Hasemi tena umemla. Anasema umemwua, kwa teke au kwa njaa, ukaona haya, ukampa sanduku. Tarehe 24 matanga yataondolewa, na siku hiyo nitaulizwa mbele ya ukoo kama narudi Likasi. Sijui nitajibu nini. Si kwa sababu mbwa amekufa, vyote vinakufa. Ni kwa sababu mwezi mzima ulinipa bati la choo, na mimi nilikuwa mjane wa habari. Alikufa lini? Nani alimpiga?

Alphonsine

*

Likasi, 13 Juni 1970

Alphonsine! Yuko hai!

Yuko hai, yuko hapa miguuni mwangu sandukuni, anatafuna ukingo wa shuka wakati naandika. Mungu wangu, yuko hai. Floribert kazoea kupiga picha za matanga, hiyo ndiyo kazi yake ya kila wiki. Alisema rangi ya mbwa na rangi ya sanduku ni moja, hataonekana, akatandika shuka jeupe. Maua aliyaweka kwa mazoea ya mkono, mimi hata sikuyaona, nilikuwa nimeshika kifua cha mbwa asiruke. Taa ikawaka, mbwa akafumba macho. Basi! Hata mimi ningefumba.

Yuko sandukuni kwa sababu aliumia shingo. Ilikuwa Jumatano ile uliyoondoka. Aliruka vibaya. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na msiba, na kila siku iliyopita ikafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Hakuna aliyempiga. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Anatibiwa na Papa Hilaire Mwansa wa Kambove, aliyekuwa msaidizi wa mganga wa mifugo. Kama mimi huniamini, mwandikie yeye, dereva wa lori la chokaa anamjua. Mwulize chochote.

Usijibu ukoo kabla ya kumwuliza. Nakuomba.

Lambert

*

Kambove, 19 Juni 1970

Mama Alphonsine,

Barua yako imenifikia juzi. Unauliza mambo mawili, kama mbwa yu hai kweli na nani alimwumiza. Ili nisikujibu kwa maneno ya mumeo, jana nilipanda lori la chokaa nikaenda Likasi mwenyewe.

Yu hai. Ameninyea mkono kwanza, halafu akaniuma, yote ni dalili njema. Anasimama kwa miguu minne. Kichwa kimepinda kidogo kulia, na pengine kitabaki hivyo. Sijaona mbwa mwenye shingo kama ile aliyetunzwa vizuri zaidi, na nimetunza mbwa wa wakurugenzi.

La pili. Mumeo aliniomba nisiseme, nami nilimwambia sitasema nisipoulizwa. Umeuliza. Hakupigwa na mtu. Ulimfunga shingoni kwa kamba ndefu, lori likaondoka nawe ndani, akaruka kukufuata, kamba ikamkaba angali hewani. Sauti uliyoisikia ndiyo hiyo. Usijichape sana, hapa kwetu kila mtu anafunga mbwa shingoni, nami mwenyewe nimefunga mamia. Siku nyingine mfunge kifuani, au mfungie ndani.

Mumeo alikuwa kando yangu nikimpima, akanisihi tena nisikuandikie hili. Nimemwambia amechelewa.

Hilaire Mwansa

*

Bunkeya, 24 Juni 1970

Lambert,

Leo wameondoa matanga. Tumenyolewa, tumeoga mtoni, halafu ukoo ukakaa na Yaya Édouard akaniuliza mbele ya wote kama narudi.

Nilisimama. Nikawaambia kamba ilikuwa yangu na fundo lilikuwa langu. Nikasema yule mliyemwita mla mbwa, kisha mkamwita mwuaji, alikuwa amembeba mbwa wangu mikononi wiki sita kama yai, akakubali matusi yenu yote kuliko kuniongezea kilio nikiwa namlilia Baba. Nikasema narudi, na anayetaka kumaliza maneno na watu wa Kasai amalizie na mimi. Édouard alikohoa. Halafu akasema, "Bandugu, miye nilikuwa natania tu." Hakuna aliyecheka safari hii.

Hayo niliyasema mbele yao. Lipo ambalo sikulisema, na sitalala nalo tena. Siku ile ya kwanza, Édouard aliposema umemla, nilikuandikia kwamba walicheka wote. Nami nilikuwa katika hao wote. Nilicheka kabla hajamaliza. Na baadaye nikipeta unga peke yangu nikajikuta nauliza, je, kama ni kweli? Miaka sita nimekula sahani moja na wewe, na niliuliza hivyo.

Nisamehe au usinisamehe, lakini nakuja. Lori la Jumamosi, ndilo la mwisho, kuanzia Jumapili yote yamechukuliwa kwa ajili ya gwaride. Dereva anakuletea hii kesho. Nijibu kwa mkono wake hata mstari mmoja.

Alphonsine

*

Likasi, 25 Juni 1970

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa nikaisoma tena.

Kicheko chako kimeniuma kuliko yote aliyoyasema Édouard. Yeye ni shemeji, kunitania ni haki yake, hata akizidisha. Wewe ni mke wangu. Nimeumia, Alphonsine, nalisema hapa wazi ili lisiozee ndani. Nami nilikuongopea kwa mabati mwezi mzima, kwa hiyo siwezi kusimama juu yako. Njoo. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Sasa sikiliza vizuri, hili ni la Papa Hilaire na halina utani. Wiki sita zimekwisha, mbwa ametoka sandukuni, anatembea chumba hadi chumba. Lakini hatakiwi kuruka. Ngoma ameshazizoea, wageni hawamshughulishi, Mama Gertrude akiingia hata hainui sikio. Mtu mmoja tu anaweza kumrusha, ni wewe. Akisikia sauti yako getini ataruka kama alivyoruka siku ile, na tunaweza kurudi mwanzo, au pabaya kuliko mwanzo.

Kwa hiyo shuka sokoni, usishukie mbele ya nyumba. Njoo kwa miguu, mizigo mwachie dereva. Usipige hodi, usimwite yeye, usiniite mimi. Vua viatu mlangoni. Ingia, keti sakafuni, nyamaza, mikono chini. Atakunusa. Utataka kumshika, usimshike. Mwache aje mwenyewe, polepole, hata kama itachukua mchana mzima.

Jumamosi tuko kwenye mazoezi ya gwaride mpaka saa kumi, siwezi kukosa. Nikirudi nikakukuta umekaa chini hivyo, sitasema kitu. Nitavua viatu vyangu, nami nikae.

Lambert